Mzee, Tumeshalipwa

Jeneza lilikuwa limeshateremshwa. Mchungaji ameshatupia udongo wake mara tatu, wajukuu wameshatupia maua, mjane ameshasogezwa kwenye viti vya kivulini. Hapo ndipo, kwa desturi niliyokulia, wanaume huvua makoti. Nami nikaanza kukunja mikono ya shati huku nikitafuta chepe kwa macho.

Machepe yote yalikuwa na wenyewe.

Vijana wa kampuni ya mazishi, fulana nyeusi, glavu nyeupe, nembo mgongoni, walikuwa wamelizunguka kaburi wanafukia kwa zamu, kimya, kwa mpangilio mzuri kabisa. Mzee mmoja wa rika la baba yangu, ambaye alikuwa ameshamkabidhi mtu koti lake, akamsogelea kijana aliyekuwa karibu naye, akanyoosha mkono.

"Lete nikupokee, mwanangu."

Kijana akainua uso, akatabasamu kwa adabu. "Pumzika tu mzee wangu. Sisi tumeshalipwa."

Mzee akabaki vilevile kwa muda, mkono mbele. Halafu akarudi kuchukua koti lake, hakulivaa, akalitupia begani. Sisi wengine tukakunjua mikono ya mashati. Aliyekuwa kulia kwangu akatoa simu. Haukupita muda kaburi likawa na tuta lililonyooka kuliko matuta yote niliyopata kuyaona, na emsii akaanza kuita makundi, moja baada ya jingine, yaje kuweka mashada.

Hakuna kilichoharibika siku ile. Ratiba ilifuatwa, chakula kilitosha, hakuna aliyegombana. Wiki kadhaa zimepita, na bado najiuliza kwa nini maneno ya yule kijana yamenikaa kooni.

## Na ya kutolea

Marehemu alikuwa jirani yangu. Ukitoka kwangu ni geti la tatu upande wa kulia, lile lenye mwarobaini. Tulizoeana kwa salamu za dukani kwa Mangi: shikamoo mzee, marahaba, umeme umerudi kwenu? Basi. Habari za kifo chake nilizipata kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, lile tulilolianzisha kwa ajili ya ulinzi shirikishi na gari la taka.

Saa haikuisha, orodha ikaanza kushuka. Namba, jina, kiasi, alama ya tiki. Anayetuma 50,000 anaandika chini yake "na ya kutolea", ili mpokeaji asije akakatwa na wakala. Wengine wanaweka viganja viwili vilivyokutanishwa. Wengine "tupo pamoja". Kila atakayechangia ananakili orodha nzima, anajiongeza chini, anairudisha kundini, na ikitokea wawili wamenakili kwa wakati mmoja jina la mtu linapotea, kisha yanazuka maneno: mbona mimi simo na nimetuma tangu asubuhi? Kabla ya magharibi lengo lilikuwa limevukwa.

Sitaki kuibeza hela hiyo hata kidogo. Mochwari inadai, jeneza linadai, gari linadai, turubai na viti vinadai. Tangu M-Pesa ianze Kenya 2007 na kuvuka kuja kwetu mwaka uliofuata, mtu aliye Muscat au Houston anaweza kushiriki msiba wa Namtumbo kabla maiti haijatoka hospitali. Zamani mtu huyo alipata habari kwa barua, matanga yameshaanuliwa, na alichoweza kufanya ni kulia peke yake. Anayesema teknolojia imeua undugu amesahau barua zile.

Ila orodha ile ina safu moja tu.

Mama yangu alikuwa na daftari la kaunta, gamba gumu, ambalo alilitunza kwenye sanduku la nguo. Humo aliandika yaliyokuja nyumbani tulipofiwa na babu. Fedha zimo, lakini si nyingi. Zilizojaa ni nyingine: kuni mzigo mmoja, unga nusu debe, ndizi mikungu miwili, kuku jike. Alichota maji asubuhi na jioni. Alilala siku tatu. Alikuja na masufuria yake mwenyewe. Kuna mstari unaosema tu: "alikaa na bibi."

Kila ulipotokea msiba kijijini, alilifungua daftari lile kabla ya kutoka, atazame aliyefiwa alituletea nini. Aliyelala kwetu siku tatu hakupelekewa unga akaambiwa pole. Mama alifunga mkeka wake akaenda kulala.

Nimejaribu kufikiria jinsi ya kuandika "alikaa na bibi" kwenye orodha ya WhatsApp. Utaweka tiki wapi?

## Mhehe aliyelala kaburini

Katika msiba huohuo wa babu, Songea, niliona jambo ambalo watoto wangu nikiwasimulia wanadhani naongeza chumvi.

Kaburi limeshachimbwa, jeneza limefika, waombolezaji wamejipanga. Ghafla mzee mmoja wa Kihehe, aliyekuwa fundi seremala pale mjini, akaruka ndani ya kaburi na kofia yake kichwani, akajilaza chali, akakunja mikono kifuani.

"Nyumba hii nimeshapanga mimi," akasema kutoka chini. "Huyo Mngoni wenu mtafutieni pengine."

Baba zangu wakubwa wakaanza kumbembeleza. Akakataa. Wakamtupia sarafu. Akaiokota, akaigeuzageuza, akauliza Wangoni hii wameiba wapi safari hii. Wakaongeza. Akadai godoro. Akaanza kumuigiza babu alivyokuwa akikohoa akitaka watu wajue ameingia ndani, na kwa kweli alikohoa vile hasa, kikohozi chenyewe, mpaka bibi, ambaye tangu asubuhi alikuwa akilia kwa sauti iliyokauka, akacheka. Alicheka na machozi yakiendelea kushuka.

Kisha mzee yule akapandishwa juu, akajipangusa udongo, na yeye ndiye aliyelishika chepe wa kwanza. Alifukia mpaka shati likaloa. Hakuna aliyethubutu kumpokea kabla hajachoka mwenyewe.

Wasomaji wengi mnaujua utani, sina haja ya kueleza. Ninachotaka mkikumbuke ni ulikotoka. Kati ya 1878 na 1882 Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali, na hakuna aliyemshinda mwenzake moja kwa moja. Mababu wa yule fundi na mababu zangu waliuana. Kutokana na kuuana huko vikapatikana vizazi ambavyo mtu wa upande mmoja ana haki, tena wajibu, wa kulala kwenye kaburi la mtu wa upande wa pili na kuwachekesha wafiwa wake.

Hili halikutoka mbinguni. Watu walilitengeneza.

## Visingizio vya ukubwa wa mji

Maelezo ya kwanza niliyojipa baada ya maziko ya jirani yalikuwa mepesi: mji umekuwa mkubwa mno. Sensa ya 1967 iliikuta Dar es Salaam na watu wasiofika laki nne. Ile ya 2022 imewakuta milioni 5.38. Huwezi kuwazika watu milioni tano kwa mikono, nikajiambia, na nikaridhika kwa siku chache.

Kilichoniharibia ni utani wenyewe. Kwa nini Wanyamwezi ni watani wa Wazaramo, watu wanaotenganishwa na nusu ya nchi? Ni kwa sababu ya njia ya misafara kati ya Tabora na Bagamoyo. Katika karne ya 19 maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa Kinyamwezi waliteremka pwani na pembe za ndovu mabegani, na wengi hawakurudi. Mpagazi akifa kwa ndui au kuhara katika kijiji cha Uzaramo, hana mama pale wala mjomba, nani atamwosha? Nani atamfukia? Desturi ya watani ilijibu swali hilo. Mtani alikuwa na ruhusa ya kukunyang'anya kuku wako bila kuomba, na alikuwa na deni la kukuzika.

Nenda Dar ya kati ya vita viwili vya dunia. Huko nako kulikuwa na vyama vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, wanaume wamevaa vyeo vya kijeshi vya kujipa wenyewe na kushindana kwa madoido. Ukisoma habari zao utadhani ni starehe tupu. Lakini mwanachama alipougua walimuuguza na alipokufa walimzika. Vikaja vyama vya watu wa sehemu moja, na kazi yao kubwa mjini ilikuwa hiyohiyo, kuhakikisha mtu wa kwao hatupwi. Mhamiaji wa Addis Ababa naye alikuwa na iddir yake, chama cha kuzikana ambacho mpaka leo kiko karibu kila mtaa wa Ethiopia.

Watu hao walikuwa wageni kuliko sisi. Hawakuwa na lugha moja ya nyumbani, wengi hawakujua kusoma, walilala vyumba vya kupanga na kesho yao hawaijui. Kama ukubwa wa mji na ugeni ndivyo vinavyoua desturi, hao ndio waliotakiwa kuzikana kama mbwa.

Hawakuzikana hivyo. Kisingizio changu kikaisha.

## Bega la Tanga

Nilimsimulia rafiki yangu wa Tanga habari ya kijana na mzee makaburini. Akatikisa kichwa. "Kwetu bado hujakosa bega," akasema. Na ni kweli, nimeliona mwenyewe: jeneza likipita njiani, muuza kahawa anaacha birika, dereva wa bodaboda anaegesha, wanakimbilia kutia bega hatua chache, wanapokewa, wanarudi kwenye shughuli zao bila hata kuuliza marehemu ni nani.

Akanikumbusha kwamba kumzika maiti ni faradhi kifaya. Wakitokea wachache wakatimiza, mji mzima umeondokewa na deni. Asipotokea hata mmoja, mji mzima una dhambi. Nimeitafakari sana sheria hiyo, mimi ambaye si Mwislamu. Inakubali kwamba si wote watakwenda, haimlazimishi kila mtu kufunga duka. Lakini hesabu yake ni ya mji, haiishii kwa wafiwa. Ukikaa nyumbani umeondolewa deni kwa sababu mwenzako alitoka, na unajua hivyo, na safari nyingine mguu wako unakuwa mwepesi.

"Ila usitusifu sana," rafiki yangu akaongeza. "Waosha maiti wetu wote wana mvi. Vijana ukiwaita waje wajifunze, wana kazi."

## Wanaoweza kulipa

Halafu nikafanya jambo nililopaswa kulifanya mapema. Nilitazama ni nani hasa aliyepoteza hicho ninachokililia.

Kwa sababu ukienda Tandale, au Manzese, au Mbagala ndanindani, turubai likifungwa uchochoro mzima unasimama. Akina mama wanapiga magoti kwenye mafiga tangu alfajiri, wanachambua mchele kwenye sinia na wanasengenya, wanacheka, wananyamaza mfiwa akipita. Wanaume wapo na karata na bao na kahawa usiku kucha, wengine hawakumpenda marehemu na wanasema waziwazi. Asubuhi wanakwenda wote makaburini, na chepe linagombaniwa. Hakuna mtu huko wa kumwambia mzee kwamba ameshalipwa.

Chepe limepotea Mbezi na Goba na Salasala, kwenye kuta zetu zenye nyaya za umeme juu. Limepotea kwetu sisi tulio na uwezo wa kulipa.

Na hapa ndipo nilipokwama. Kama maskini wanazikana kwa sababu hawana namna nyingine, na sisi tumeacha mara tu tulipopata namna nyingine, basi huenda kilichotushikilia zamani hakikuwa upendo kamwe. Ilikuwa bima. Mama hakulala siku tatu msibani kwa sababu moyo wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu. Alilala kwa sababu daftari lilimwambia, na kwa sababu alijua siku yake inakuja. Wachumi waliokwenda kukaa Nyakatoke, kijiji cha kaya 119 mkoani Kagera, walivikuta vyama vya kuzikana vina kanuni zilizoandikwa, orodha ya wanachama na faini kwa mtoro. Wanakijiji wale hawakuachia huruma kazi hiyo. Waliiandikia faini.

Wazo hilo liliniudhi kwa siku kadhaa. Baadaye likaacha kuniudhi. Bibi aliyekaliwa karibu alikaliwa kweli, na mkono uliomshika bega ulikuwa wa joto vilevile, hata kama mwenye mkono alikuwa analipa deni. Nani aliwahi kusema deni na upendo haviwezi kukaa kwenye mkeka mmoja?

Ninachokiona sasa ni hiki. Zamani watu wengi walikuwa na haki ya kukusumbua. Jirani, mtani, mjumbe, binamu wa mke wako, wote waliweza kugonga mlango bila taarifa na kukutoa kitandani, na hukuwa na bei ya kuwalipa ili wakuache. Leo bei ipo. 50,000 na ya kutolea. Tunailipa kwa moyo mweupe kabisa na tunarudi kulala, na kila tunapoilipa mtu mmoja zaidi anapoteza haki ya kutusumbua, nasi tunaipoteza kwake.

## Meno

Nisiwe mwongo nikaipamba zamani.

Haki ya kukusumbua ilikuwa pia haki ya kukunyonga. Kuna vijiji ambako asiyekwenda misibani hutengwa, na siku akifa mtoto wake majirani wanakaa vibarazani wanamtazama baba akichimba peke yake. Wajane walirithiwa pamoja na ng'ombe, au walifukuzwa wakabaki na kanga waliyovaa. Yote hayo yaliitwa mila zetu.

Wakenya wanaikumbuka kesi ya S. M. Otieno kuliko sisi. Wakili mashuhuri wa Nairobi, Mjaluo, alifariki Desemba 1986. Mkewe Wambui, Mkikuyu aliyepigana upande wa Mau Mau, alitaka kumzika kwenye shamba lao karibu na Ngong, akisema hayo ndiyo yaliyokuwa matakwa ya mumewe. Ukoo wa Umira Kager ukasema hapana, mtoto wetu anarudi Nyalgunga, Siaya. Maiti ikakaa mochwari miezi mitano mahakama zikibishana. Mei 1987 ukoo ukashinda, Otieno akazikwa Nyalgunga, na mjane hakuhudhuria.

Kwa miaka nilikuwa upande wa Wambui bila kusita, na kwenye haki bado niko upande wake. Mwanamke aliyeishi na mtu na kuzaa naye anaambiwa na watu wa ukoo kwamba maiti si yake! Lakini safari hii nilipoirudia kesi hiyo, nilimwona mtu ambaye sikuwahi kumtilia maanani. Miongoni mwa mashahidi wa ukoo alikuwamo mchimba makaburi wa kijijini, aliyeiambia mahakama kwamba Otieno mwenyewe aliwahi kumwambia atakuja kumchimbia kaburi lake. Sijui kama alisema kweli. Jaji aliamua kumwamini. Kinachonishika ni kwamba mwaka ule bado wakili wa Nairobi, msomi, mwenye suti, angeweza kudaiwa kumjua kwa jina mtu atakayemchimbia, na mahakama ikaona ni jambo la kawaida.

Mimi sina mtu huyo. Wewe je?

## Sheria haimjui mjomba

Mtu atasema tatizo ni muda, na sehemu yake ni kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilipoweka likizo ya msiba, ilitoa angalau siku 4 zenye malipo na ikataja wafu wanaohusika: mtoto, mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, ndugu wa kuzaliwa. Soma tena orodha hiyo. Mjomba hayumo. Shangazi hayumo, mama mkwe hayumo, na jirani usithubutu kumtaja.

Kwa watani zetu wa pwani ambao mjomba ndiye aliyeamua ndoa na urithi, hii ni orodha ya familia ya watu wengine. Nimewahi kumsikia mtu ofisini akimwambia bosi kwamba amefiwa na baba, kumbe ni baba mdogo, na hakuwa anadanganya. Bosi akauliza, lakini si baba yako alikufa mwaka juzi?

Hivyo mtu mwenye mshahara anajifunza polepole kupunguza wafu wake. Kwanza anawaacha majirani, kisha wajomba. Hatukai kikao tukaamua kuacha desturi. Tunaomba ruhusa, tunakataliwa, tunatuma hela.

## Katiba ya Mama wa genge

Nilikwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi kumuuliza zamani mtaa wetu ulikuwa unazikaje. Mzee akanieleza mengi, akalalamika mengi zaidi. TANU ilipoanzisha mabalozi miaka ya 1960, alisema, kila mtu alijua nani amelala njaa na nani ana mgeni. Baada ya vyama vingi kurudi 1992 mjumbe akabaki mali ya chama, na nusu ya mtaa ikaacha kumpita mlangoni. Wakenya waliijaribu Nyumba Kumi baada ya shambulio la Westgate 2013, kwa ajili ya usalama. Nasi kundi letu la WhatsApp ni la usalama. Siku hizi tunajuana kwa ajili ya wezi.

"Lakini kama unataka mambo ya kuzikana," mzee akasema, "nenda pale gengeni kwa Mama."

Mama anauza nyanya na mchicha kwenye kona ambako nimenunua mboga miaka yote niliyokaa hapa. Sikujua kwamba ni katibu wa chama cha kufa na kuzikana. Akafuta mikono kwenye kanga, akavuta daftari chini ya meza, akanipa katiba nisome nikiwa nimesimama, kurasa nne zilizochapwa stesheneri na kulowa pembeni. Wanachama ni akina dada wa kazi, walinzi, mafundi, wapangaji wa vyumba vya uani, wauza duka. Kutoka kwenye nyumba zenye mageti hakuna hata mmoja.

Kifungu kimoja nilikisoma mara mbili. Mwanachama atakayetuma fedha na asifike msibani bila udhuru atahesabiwa kuwa hakufika, na atatozwa faini kama mtoro.

"Mbona mkali hivi, Mama?" nikamuuliza.

"Hela ya mtu haioshi vyombo," akasema, huku akimpimia mteja bamia.

Fomu ya kujiunga inataka picha moja, kiingilio, na wadhamini wawili: majirani wanaokufahamu kwa zaidi ya mwaka, waandike majina yao kamili na sahihi. Nilikaa nayo mezani siku kadhaa, sahani ya chai juu yake. Jumamosi nikajikaza, nikavuka barabara, nikagonga geti la mkabala na langu.

Kidirisha kikafunguka. Mlinzi akaniuliza nina miadi na nani. Nikamwambia mimi jirani wa hapo ng'ambo, nawatafuta wenye nyumba. Akataka jina. Jina nililokuwa nalo lilikuwa moja tu, la mtoto wao, kwa sababu kila jioni namsikia akiitwa arudi kuoga.

"Kwa Baba Prince," nikasema.

"Baba katoka. Mama yupo. Nimwambie una shida gani?"

"Mwambie ni jirani wa geti la bluu. Nimekuja kumwomba anidhamini tuzikane."

Akanitazama vizuri, juu mpaka chini. Akafunga kidirisha, na nikamsikia anaita, "Mama Prince! Kuna mtu hapa nje, njoo umsikilize mwenyewe."